Mkwe Wangu Kambini Migungani

2 Juni
Tumefungua kambi. Mahema yote yamesimama isipokuwa la sita, mchwa wamekula nguzo zake. Vumbi limeingia hadi kwenye mito tuliyoifungia ndani ya mifuko, sijui lilipita wapi. Nancy, meneja wetu, amefika kutoka Arusha na miwani mipya na maneno yale yale ya kila mwaka: mgeni asione mtu anahangaika. Mimi ni mwenyeji wa kambi. Maana yake nahangaika kuliko wote na natabasamu kuliko wote.

Mama yangu mzazi mpaka leo hajaielewa kazi hii. Nilimweleza: nampokea mgeni, namwonyesha hema lake, nahakikisha maji yake ni ya moto, na jioni nakaa kichwani mwa meza ndefu tule pamoja, maana wageni hawaanzi kula mpaka mwenyeji akae. Akaniuliza, "Kwa hiyo wewe umeajiriwa kula?"

5 Juni
Wageni wa kwanza. Upepo mkali. Supu ilikuwa na mchanga, wakasema ni tamu.

9 Juni
Familia ya Waholanzi, wana binti wa miaka minane. Nimezunguka naye uani nikimwonyesha nyayo za fisi na mdudu anayeviringisha mavi. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilifurahi naye kwa dhati, halafu nikaenda stoo nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kupanga vikombe.

Precious wangu naye ana miaka minane. Anakaa Nkoma kwa babu na bibi yake, upande wa baba. Nikipanda jiwe la nyuma ya jiko, asubuhi isiyo na vumbi, nauona moshi wa upande wa kwao. Hajawahi kumwona simba. Hajawahi hata kulala kwenye hema ninalomtandikia mtoto wa mtu mwingine, kwa sababu watoto wa wafanyakazi hawaruhusiwi kambini.

Sylvester, mume wangu, alifariki kwa ajali ya pikipiki, barabara ya Lamadi, mwaka juzi. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametoka wote, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wao. Hilo silibishi. Lakini mtoto kuwa wao ni jambo moja, na mimi kumwona mara moja kwa mwezi kama mgonjwa wa hospitali ni jambo lingine.

13 Juni
Mbung'o wengi kuliko mwaka jana. Wageni wamenunua kofia, mbung'o wanauma miguu.

20 Juni
Nancy kaniita ofisini. Nilidhani ni ile habari ya taulo zilizoibwa na nyani. Kumbe kampuni inafungua ofisi ndogo Bariadi mjini, ya kupokea wageni na kununulia vyakula, na anataka niishike mimi kuanzia Januari. Nitaishi mjini, kazini asubuhi na nyumbani jioni, kama watu.

Nilisema asante, nitafikiri. Sikuwa na la kufikiri. Moyoni nilishaiona nyumba ya kupanga, na mtoto akifanya hesabu mezani.

29 Juni
Nimetoka Nkoma. Nilimkuta mzee chini ya upenu akisokota kamba ya ndama. Nikapiga magoti mbali kidogo, inavyotakiwa.

"Mwadila, baba."

"Mwadila." Akaitikia akitazama kamba.

Jina la baba mkwe wangu sijawahi kulitamka, na humu pia siliandiki. Mkamwana halitaji jina la baba wa mumewe, hali naye, hakai anapokaa, hagusi kitanda chake. Na yeye haniambii neno moja kwa moja. Husema na mtu mwingine nami nasikia. Hayo yote ni heshima, nimelelewa hivyo, hayanisumbui. Lakini tangu Sylvester afe, mzee ameigeuza heshima kuwa ukuta, na nyuma ya ukuta yuko na mwanangu.

Ombi langu nililipitisha kwa mama mkwe, Mama Nyanjige, ambaye ana moyo mweupe ila kauli ya mumewe haivuki. Nikamwambia: Januari, Bariadi, chumba nimeshapata, shule iko karibu, nitamlea mwenyewe. Akaingia ndani. Nikasikia sauti ya mzee, makusudi ameipaza ili mke wake asisumbuke kurudi:

"Mwambie, mtoto ana kwao. Yeye aliyechagua kulala na simba, na alale nao. Mjukuu wangu halelewi na mtu wa porini."

Porini! Mimi natandika mashuka meupe kuliko kanzu ya padre.

Precious alinisindikiza hadi barabarani. Nilipopanda pikipiki alikuwa tayari anakimbia kurudi.

3 Julai
Wageni wanane, jokofu limegoma.

14 Julai
Simba jike kazaa karibu na korongo. Dastan, dereva wetu mkuu, ni kijana wa Ipililo asiyejua kunong'ona, na leo kanong'ona siku nzima.

22 Julai
Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu bwana wa hema la pili yupo siku ya tisa, na jembe sina.

10 Agosti
Nimeenda Nkoma nikiwa na hasira zangu zimepangwa vizuri kama nguo ndani ya sanduku. Nimerudi nazo zimekunjamana.

Nilifika mapema kuliko kawaida, nimepewa lifti na gari la mboga. Watu walikuwa njiani kwenda kanisani. Nikawaona kwa mbali: mzee mbele, Precious nyuma yake, nafasi kubwa kati yao. Mzee anatembea ameinama, anatazama chini, anasimama, anapapasa udongo kwa fimbo, ndipo anamwashiria mtoto asogee. Nikadhani amepoteza kitu.

Baadaye, tukiosha vyombo, nilimuuliza Precious. "Guku anatafuta nini njiani?" Guku ndilo jina analomwita babu yake.

"Nyayo za tembo. Kila asubuhi ananitangulia hadi shuleni. Kama wamepita usiku, anagusa kinyesi kuona kama ni cha moto au cha baridi. Kikiwa cha moto tunarudi, mwalimu anajua."

"Kila asubuhi?"

"Hata akiumwa mgongo." Akakohoa kama babu yake anavyokohoa, mkono kiunoni, sote tukacheka.

Wanakula sahani moja, yule mtoto na yule mzee. Yeye humwachia kipande cha samaki chenye mnofu. Nilimwonea wivu mzee wa watu, naandika wazi. Nimekuwa nikisema moyoni kwamba ameniibia mtoto. Mwizi gani anayetangulia mbele kukagua njia?

Lakini bado namtaka mwanangu.

11 Agosti
Jua kali. Wageni wanaomba barafu. Mimi pia.

6 Septemba
Balaa. Tembo wametoka kwenye hifadhi yetu, wakavuka, wakaingia Nkoma. Mashamba yamekwisha kuvunwa, hivyo wakafuata vihenge. Cha mzee wamekilaza ubavu na kula mtama, wakaacha mabaki yamechanganyika na udongo. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa.

Dastan alitumwa na askari wa wanyamapori kwenda kuona. Aliporudi alinikuta nikikunja vitambaa vya meza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitafuta maneno.

"Dada Debora, mkweo kanipa salamu."

"Sema tu."

"Kasema: mwambie huyo anayewatandikia wazungu kwamba mifugo yake imekula chakula cha mwanaye."

Jioni hiyo hiyo mgeni mmoja wa kike aliniambia, machozi yamemlengalenga, kwamba kuona tembo kumembadilishia maisha. Nikamwambia hata mkwe wangu kumembadilishia. Akafurahi sana.

7 Septemba
Nimetuma magunia mawili ya mahindi kwa gari la mboga. Limerudishwa moja. Mama Nyanjige kaniambia kwa simu kwamba mzee alisema, "La mtoto libaki. Langu lirudi."

Nilikasirika. Kisha nikamheshimu. Kisha nikakasirika tena.

21 Septemba
Joto. Maji ya bwawa yamebaki matope. Nyati wamesimama humo hawataki kutoka.

3 Oktoba
Joto.

12 Oktoba
Mkutano wa wafanyakazi. Kabla ya kufunga kambi mwezi ujao, Nancy anataka kila mmoja wetu, kwa zamu, alete ndugu zake wawili, walale usiku mmoja kwenye mahema ya wageni, watembezwe, wale, wahudumiwe. "Mwenyeji ana watu wake pia," alisema, na kwa mara hii watoto ruksa. Kusema kweli, kuna watu wa Arusha wenye roho nzuri.

Nimempigia Mama Nyanjige papo hapo: Precious na wewe, mama, siku moja tu.

14 Oktoba
Jibu limekuja. Mtoto haendi popote pasipo babu yake. Mama atabaki na ng'ombe. Mzee atakuja mwenyewe, kasema anataka kuwaona waliokula mtama wake wakiwa nyumbani kwao.

Nimecheka, halafu kicheko kikakatika. Mkwe wangu kambini! Nitamlaza wapi, nani atamtandikia? Nitamlishaje, mimi ambaye sheria ya kambi inasema nikae mezani nile na mgeni, na sheria ya kwetu inasema nisile mbele yake? Nikamweleza Nancy. Akanishika mkono, akasema usijali, siku hiyo atakaa kichwani mwa meza yeye, mimi nihudumu tu. Nikalala usingizi mzuri.

30 Oktoba
Mawingu upande wa ziwa. Hayakufika.

7 Novemba
Leo siku ndefu, naiandika yote.

Asubuhi kulikuwa na ubao. Kila hema lina kibao ambacho mwenyeji huandika jina la mgeni kwa chaki. Nimesimama mbele ya hema la tatu na chaki mkononi kama mtoto aliyesahau hesabu. Nikamwita Dastan. Akaliandika jina la mkwe wangu kwa herufi kubwa, mimi nimegeukia kwingine. Kitanda chake pia alikitandika Dastan. Ulikuwa utandikaji wa kusikitisha, shuka limevimba katikati kama lina mtu, lakini sikuweza kuligusa.

Walifika saa nne. Mzee amevaa koti la Sylvester. Precious alishuka akanikumbatia, kisha akakumbuka babu yake yupo, akanipigia goti vizuri. Nami nikapiga goti kwa mzee, pale pale kwenye changarawe, na wageni wawili waliokuwepo, mume na mke wazee kutoka Ujerumani, wakatazama.

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Mwangaluka." Akamgeukia Precious. "Mwambie tumekaribia."

Alasiri tukaenda kutembea na gari. Mzee mbele na Dastan, Precious katikati, mimi siti ya nyuma kabisa ambako hanioni. Nilitaka niwepo mtoto atakapomwona simba. Tulianza na nyati. Mzee aliwachunguza muda mrefu.

"Yule wa kushoto amekonda. Anachungwa na nani?"

"Hachungwi, mzee, ni wa porini," Dastan akasema.

"Ndiyo maana amekonda."

Simba tuliwakuta wamelala chali chini ya mgunga, matumbo juu.  Precious alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanitafuta, akanishika vidole. Sitasahau. Mzee naye akawatazama, akavuta pumzi.

"Na hawa watu wanapanda ndege kwa ajili ya hawa? Wamelala!"

"Huwa wanaamka, mzee."

"Wasiamke mjukuu wangu akiwa hapa."

Tembo tuliwaona mwisho, jike na watoto wake, wakinywa matope. Nilingoja maneno makali. Mzee akavua kofia, sijui kwa joto au kwa nini. Akamwambia Precious, "Yule mdogo anajificha kwa mama yake, unaona?" Precious akasema anaona. 

Sasa meza. Nancy alikuwa amekwenda uwanjani kupokea ndege ya mizigo, na mvua ya kwanza ya msimu ikaamua kunyesha huko. Redio ikakoroma: gari limezama kwenye udongo wa mbuga, hawarudi mpaka kesho. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini haya sikuyavulia mimi.

Meza ndefu, taa zimewashwa mapema, Wajerumani upande huu, mzee na Precious upande ule, na kichwani kiti kitupu. Nikagawa chakula. Nikamimina maji. Nikapanga tena vijiko vilivyokwisha kupangwa. Wajerumani wameweka mikono mapajani, wanatabasamu, wanasubiri nikae. Mzee hawezi kunyanyua mkono mimi nimesimama mbele yake. Precious anatazama kuku, anatutazama, anatazama kuku. Mchuzi ukaanza kuganda.

Yule mama wa Kijerumani akasema kwa upole, "Tafadhali, keti nasi."

Mzee akamwinamia mtoto. "Muulize mama yako. Hawa wanasubiri nini? Chakula kina kasoro?"

Precious akaniuliza, ingawa nimesikia. Nikamjibu, ingawa yeye anasikia. "Mwambie guku wananisubiri mimi. Mwenyeji asipokaa, hawali. Ndiyo kazi yangu."

"Na kwa nini hakai?"

Hapo mtoto hakuhitaji kuuliza. Sote watatu tulijua. Uso uliniwaka. Niliona kabisa kesho yake Nkoma: yule mwanamke hata kulisha watu hajui, kazi yake yenyewe ni aibu, na mtoto abaki alipo.

Mzee akasimama. Nikajua anaondoka. Akashika kiti chake kwa mikono miwili, akakiinua, hakukiburuta, akakigeuza kikatazama nje, kwenye bwawa. Akachukua sahani yake akaiweka mapajani. Akakaa, ametupa mgongo wote.

"Mwambie akae ale na wageni wake," akasema. "Mimi huku sioni kitu."

Nikakaa.  Wajerumani wakanitazama kwa wasiwasi, yule mama akanong'ona kuuliza kama baba amekasirika. Nikamwambia hapana, amenipa nafasi. Wakaanza kula. Precious alikuwa ameshaanza.

Tulikula. Niliwasimulia wageni habari za simba jike na watoto wake, kama kila siku, sauti yangu naisikia kama ya mtu mwingine. Walipomaliza wakaaga, wakaenda kulala. Tukabaki watatu, na ule mgongo.

"Mama Precious."

Niliacha kijiko. Tangu niolewe, hajawahi kuniita.

"Naam, baba."

"Chumba cha Bariadi kina mlango wa kufunga kwa ndani?"

"Kina, baba. Na dirisha lina nondo."

"Njia ya shule ina magari?"

"Ya vumbi tu, baba. Pikipiki zipo."

 Nilijua anafikiria pikipiki. Mimi pia nilifikiria pikipiki. Tukamfikiria mtu mmoja, yeye akitazama bwawa, mimi nikitazama koti.

"Utamtangulia?"

"Kila asubuhi, baba. Nitamtangulia."

"Nilidhani unakaa huku kwa kuwa umetusahau," akasema taratibu. "Leo nimekuona siku nzima. Umesimama kuanzia asubuhi kwa ajili ya watu usiowajua. Basi kwa wa kwako hutashindwa. Shule ikifungua mwezi wa kwanza, aende. Ila ikifungwa, siku ile ile awe Nkoma. Nisikae na mimi nasubiri kama wale wageni wako, chakula kinapoa."

Nilitaka kusema asante kwa maneno mengi. Nikasema, "Wabeja, baba. Wabeja sana." Nikalia waziwazi, nikijua haoni. Precious alikuwa amelala juu ya mkono wake, mfupa wa kuku bado ameushika.

8 Novemba
Wameondoka asubuhi. Mzee alimwambia Precious aniambie kitanda kilikuwa kizuri. Mwongo.

16 Novemba
Mvua imefika kweli. Tumekunja mahema. Gari la mwisho limetoka kwa kuvutwa na trekta.

10 Januari
Nimeenda kumchukua. Dastan alikuwa anapeleka gari Bariadi, akakubali kupitia Nkoma. Mama Nyanjige alikuwa amefunga michembe ya viazi vikavu gunia zima, kana kwamba mjini hakuna viazi, na alilia bila kujificha. Mzee hakuwepo. Ametoka na ng'ombe alfajiri, akasema jioni atarudi. Hakumuaga hata mtoto.

Nilinuna. Nikasema moyoni, kama ni kususa, na asuse, ahadi ni ahadi. Precious alikaa dirishani na sare yake mpya, mikono juu ya begi. Nilimuuliza kama ana furaha, akasema ndiyo, sana. Halafu akauliza nani sasa atamkuna guku mgongo. 

Karibu na lambo Dastan akapunguza mwendo. Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, mbele kabisa ya gari, wamenenepa na majani ya mvua. Walikuwa wa nyumbani. Mzee alisimama ng'ambo, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, anatazama dirisha la Precious. Hapigi mluzi, hawaswagi. Wengine wakasimama katikati wakala majani ya ukingoni. Precious akatoa kichwa, akawaita mmoja mmoja kwa rangi zao, na mzee akawa anaitikia kwa niaba yao, anacheka, anafuta macho kwa kofia.

Dastan akasogeza mkono kwenye honi. Nikamzuia, nikamwambia azime injini, hatuna haraka.